Mwani wa Makame

Makame alikuwa ametimiza miezi mitano kaburini, na mkewe Sikudhani bado alikuwa akimpa habari za mji kila asubuhi.

Hakuzungumza na kaburi wala picha. Alizungumza na chupa. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso vizuri, aliiteremsha kutoka juu ya kabati, akaichomoa kizibo, akausogeza mdomo wake karibu mpaka kioo kikaingia ukungu, kisha akaanza.

"Haya, bwana weye. Bomba la mtaa wa tatu limepasuka tena. Niliwaambia mapema kuwa lile bomba limekwisha, wakaniona kizee mpenda kulalama. Khatibu wa msikitini amepata mjukuu, amepewa jina refu kuliko yeye mwenyewe. Na mguu wangu bado unauma, kama ulitaka kuuliza."

Chupa haikujibu, lakini mwani uliokuwemo ulikuwa umenona kweli kweli, kijani chake kimekolea kama kisamvu. Pumzi ya mke ilikuwa imeushibisha.

Kule Kiambo, mji uliojengwa ndani ya pango refu chini ya ardhi ya Mwezi, hakuna mtoto aliyezaliwa bila kupewa chupa yake. Mwani hula hewa ukaa inayotoka mapafuni mwa mtu, na ukipata mwanga humrudishia hewa safi. Chupa moja haitoshi kumpa pumzi hata kuku; kazi hiyo ilikuwa ya mabirika makubwa yaliyokuwa mwisho wa pango. Chupa ilikuwa adabu tu, namna ya kumfunza mtoto kwamba analisha na analishwa. Mtu aliisemea chupa yake kila siku ya maisha yake, na akifa, siku ya arobaini jamaa zake waliimimina katika Birika Kuu, mwani wake ukachanganyika na wa watu wote.

Ya Makame ilitakiwa imiminwe zamani.

"Hodi hapa!"

Sikudhani aliirudisha chupa juu ya kabati, akaitupia kanga, akafungua mlango. Alikuwa Mize, dada mkubwa wa marehemu na mkuu wa maabara ya mabirika, mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye mdomo usiomwogopa mtu. Leo mdomo huo ulikuwa wazi ukitafuta hewa. Kutoka barabarani hadi mlangoni palikuwa na ngazi kumi na moja, ngazi ambazo kwa wepesi wa Mwezini vikongwe walizipanda kwa miruko mitatu, na Mize alishika fremu ya mlango kama mtu aliyepanda mlima.

"Wifi, mapema yote hii! Umefukuzwa?"

"Nani wa kunifukuza, na mume sina?" Mize aliketi bila kukaribishwa. Kifua kilimpanda na kumshuka, kisha akasema, "Iondoe hiyo kanga."

"Kanga ipi?"

"Sikudhani. Mie si mtoto."

Sikudhani hakuiondoa. Mize akaendelea, sauti yake ikiwa chini. "Siku ya arobaini ulikuwa edani, hutoki nje. Ukanikabidhi mie chupa nikaimimine. Kabla ya kuimimina nilichota kijiko kimoja, mazoea ya kazi tu, nikakihifadhi barafuni. Juzi nimekipima. Ule ulikuwa mwani wa birika." Akamtazama. "Nimelia mbele za watu mpaka mtandio ukanidondoka, wifi yangu. Kumbe nililia maji ya birika."

Aibu ilimshika Sikudhani mpaka masikioni. Alimpenda Mize, na alijua kuwa alichomfanyia hakina jina zuri.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Sijui. Kila siku nilikuwa sijammalizia habari."

Mize alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kikohozi. Sikudhani alipompelekea maji aliona kucha za wifi yake zimeingia rangi ya zambarau.

*

Hewa ya Kiambo ilikuwa inapungua, na aliyeipunguza, bila kukusudia, alikuwa Makame.

Makame alikuwa fundi chokaa. Kwa miaka yote watu waliishi ndani ya kuta nyeusi za mwamba, na wazee waliokumbuka nyumba nyeupe za kwao walizililia kama wafiwa. Miaka miwili iliyopita, baraza la mji lilikubali kuta zipakwe chokaa. Makame akaoka mawe meupe ya Mwezini katika tanuri, akapata chokaa, akawafunza vijana kupiga lipu, na kabla ya Idi nyumba mia sita, msikiti, kanisa na shule zote zilikuwa zinang'aa. Siku ile watu walipita mitaani wakigusa kuta kwa viganja. Bibi mmoja aliuegemea ukuta wake na kulala hapohapo.

Lakini chokaa mbichi hunywa hewa ukaa. Ndivyo inavyokuwa ngumu. Duniani ukuta utakunywa utakavyo, mbingu haiishi. Kiambo kilikuwa na hewa ya kuhesabika, na hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu ya kuta mia sita. Watu walivuta hewa safi na kutoa hewa ukaa, na badala ya hewa ukaa hiyo kufika birikani ikageuzwe, kuta ziliikamata njiani na kugoma kuirudisha. Mwani wa mabirika ukabaki na njaa, ukaanza kugeuka manjano. Katika kila sehemu mia za hewa, zile safi zilikuwa ishirini na moja. Sasa zilikuwa zimebaki kumi na saba. Rangi ya kuzibia kuta hawakuwa nayo, na chombo kilichofuata kilikuwa kinafika baada ya miezi saba. Kuibandua chokaa kungefichua ile mbichi ya ndani, nayo ingekunywa zaidi. Mize alikuwa amehesabu: miezi mitatu, kisha wangeanza kuzika, na wenye vifua vibovu wangetangulia.

Mitaani watu walikuwa wameanza kuiita "chokaa ya Makame". Sikudhani alilisikia jina hilo dirishani kwake, na kila aliposikia alihisi kama mtu amemkanyaga mumewe.

"Sasa nisikilize," alisema Mize baada ya kunywa maji. "Huu mwani wetu wa birika ni mtoto wa tajiri. Waliotutangulia walitaka mbegu inayonenepa haraka, wakachagua ile ambayo jeni yake kuu imeharibika. Haikuwa na neno, maana hewa ukaa ilikuwa tele. Lakini mwani wa asili, uliotoka mitoni na madimbwini, haukuumbwa hivyo. Hewa ukaa ikipungua, jeni kuu inazinduka na kuziamsha nyingine kwa mamia. Seli inaanza kujijengea pampu kwenye ngozi yake."

"Pampu?" Sikudhani alikuwa fundi wa pampu kwa miaka thelathini. Neno hilo lilimwinua kichwa.

"Pampu hasa. Zinavuta kaboni iliyoyeyuka majini, ile iliyo kama magadi, na kuisukuma ndani. Katikati ya jiko la sukari la seli kuna kitu kama kidonge, kimezungushiwa ukuta wa wanga. Kimeng'enya kinayageuza yale magadi kuwa hewa ukaa humohumo, na ukuta unaizuia isivuje."

"Yaani inajaza tangi lake lenyewe, hata kama bomba la mtaani linatiririka kidogo kidogo."

"Umeelewa kuliko sheha wetu, niliyemweleza mara tatu."

"Na wa birika hauwezi?"

"Ule unakaa tu unangoja kupakuliwa." Mize aliitazama kanga iliyokuwa juu ya kabati. "Mwani wa asili ulikuja na msafara wa kwanza, katika chupa za watoto. Yangu niliivunja nikiwa msichana, nikaanzishiwa nyingine ya mbegu ya birika, kama yako. Watoto waliokuja na mie na Makame wote wameshamiminwa, na mle birikani wale wanene wameumeza. Iliyobaki ni hiyo."

Sikudhani aliketi. Alielewa mara moja alichokuwa anaombwa, na alichukia kuelewa.

"Sheha anaweza kuja kuichukua kwa amri," alisema.

"Anaweza. Lakini nimemwambia sina hakika kama ipo."

Wifi mtu alikuwa amedanganya kwa ajili yake. Sikudhani alilia kidogo, akapangusa uso kwa kiganja, akaishusha chupa na kumimina nusu yake katika kikopo cha maabara. Nusu tu. Ile nyingine aliirudisha juu ya kabati na kuifunika.

*

Siku mbili baadaye Mize alirudi na kikopo kitupu mkononi.

"Mwani umekufa," alisema akiwa bado mlangoni. "Tumeutia katika maji yasiyo na hewa ukaa, chini ya taa kali za birikani. Jeni hazikuwahi kuamka, mwanga ukauunguza. Nimeiua nusu ya mdogo wangu kwa pupa."

Sikudhani alimshika mkono, akamwingiza ndani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, maana sasa ile nusu ya kabatini ndiyo pekee iliyobaki.

"Kwa nini hazikuamka? Si umesema unazo?"

"Unazo. Nimeziona. Lakini zimelala kwa shibe." Mize alisita. "Mwani uliokuwa ukipumuliwa usoni kila asubuhi kwa miezi mitano, utajifunza njaa saa ngapi? Usinielewe vibaya, wifi. Umeulea vizuri mno."

Basi pale ndipo mambo yalipokuwa. Kile alichokifanya kwa mapenzi, kila siku, bila kukosa hata moja, ndicho kilichozilaza zile jeni.

"Nimenyonyesha watatu na nimeachisha watatu," alisema Sikudhani. "Wako duniani huko, wana vitambi. Mtoto haachishwi kwa kutupwa nje. Unapunguza. Mchana umnyime, jioni umpe. Kesho umpe nusu. Na analia, nawe unalia chumba cha pili." Akavuta pumzi. "Maabara sikupi. Nitauachisha mwenyewe, hapa, na taa hafifu."

"Ukifa?"

"Ukifa utakuwa umefia mikononi mwangu, kama Makame mwenyewe."

Siku ya kwanza alimpa Makame nusu ya habari. Siku ya pili, robo. Siku ya tatu alimwamkia tu, "Umeamkaje," akakiacha kizibo wazi ili hewa nyembamba ya chumbani iingie, akaondoka haraka. Kuanzia siku ya nne hakusema neno.

Hakujua kimya kina uzito namna ile. Wakati wa maziko alikuwa amezungukwa na watu, na edani alikuwa na chupa. Sasa ndiyo kwanza alikuwa amefiwa. Bomba la mtaa wa tatu lilipasuka kwa mara ya nne, na hakuwa na wa kumwambia. Alimkumbuka mumewe. Alikumbuka vidole vyake vilivyopasuka kwa chokaa, alivyovipaka mafuta kila usiku huku akimnunia kwa kutovaa glavu. Na mwani ulikuwa unapauka mbele ya macho yake, kijani kikigeuka rangi ya majani ya chai yaliyochujwa mara tatu.

Siku ya sita wanawake wawili walipita chini ya dirisha. Mmoja alisimama kupumzika, akauegemea ukuta, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mungu amsamehe aliyetupaka hii kitu."

Sikudhani alijikuta ameshaikamata chupa, mdomo uko shingoni mwa kioo. "Usiwasikilize," alimwambia. "Wamesahau walivyocheka siku ile. Mie sijasahau. Ulifanya kitu kizuri, Makame, na mie ni shahidi, na nimekukumbuka, nimekukumbuka mno..." Alikuwa amesema mengi kabla ya kutambua kwamba kioo kimejaa ukungu.

Mize alipokuja kuchukua tone lake la kupima, hakuhitaji kuambiwa. Aliinama kwenye hadubini aliyokuwa ameihamishia hapo kutoka maabara, akainuka.

"Zilikuwa zimeanza. Zimelala tena."

"Niliteleza."

"Wamesemaje huko dirishani?" Sikudhani alimwambia. Mize alitikisa kichwa. "Ningekuwa mie ningeanza na kuwatukana wao kwanza, halafu ndiyo nije kumpoza yeye. Tuna siku za kuanza upya, si nyingi. Unaweza?"

Sikudhani aliwaza kusema hawezi. Ingekuwa kweli, na Mize asingemlaumu. Lakini Mize alikuwa amevuta kiti kwenye ile hadubini kwa sababu hakuweza tena kuitumia akiwa amesimama, na hakuwa amelitaja jambo hilo hata mara moja.

"Naweza," alisema.

Kuanzia hapo, kila alipoingia chumbani alijifunga kanga mdomoni na puani, kama mtu anayepiga lipu. Alibadilisha maji. Aliigeuza chupa taratibu ili mwani usilale chini. Alifanya yote yale ambayo mapenzi hufanya kwa mikono, akalizuia lile moja la mdomo.

Siku ya kumi na saba Mize alikaa kwenye hadubini muda mrefu kupita kawaida.

"Njoo uone."

Sikudhani aliinama. Aliona vidoa vya kijani, vingi, vikiogelea kwa mikia yao miwili, na ndani ya kila kimoja pete angavu, nyembamba, iliyofunga vizuri kama kifuniko cha pampu.

"Wanga," alisema Mize. "Zimeamka zote. Katika hewa hii hii inayotuua, unakua."

Furaha ilimjia Sikudhani, na nyuma yake tu ukaja uchungu ambao hakuutarajia. "Kumbe anaweza bila mie."

Mize alimwekea mkono mgongoni, na wakakaa hivyo, wajane wawili na chupa.

*

Walikusanyika kwenye birika la kuzalishia, lililokuwa limekaushwa na kusuguliwa ili wale wanene wasiwemo. Sheha alikuwepo, na watu kama mia moja, wengi wameketi chini kwa kukosa pumzi. Sikudhani alisimama mbele yao akiwa na chupa.

"Siku ya arobaini niliwadanganya," alisema. "Mlimwombea dua mume wangu mbele ya chupa isiyo yake. Yake hii hapa. Naomba radhi kwenu, na zaidi kwa wifi yangu. Na kuna jambo jingine. Mnasema chokaa ya Makame. Ni kweli, ni yake. Na hii pia ni yake. Basi mtakapokuwa mnataja, mtaje zote mbili."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi aliinuka kwa taabu, akabaki amesimama kwa heshima, kisha wengine wakamfuata.

Mize alimsogelea na kikombe kidogo. "Baki nacho hiki," alimnong'oneza. "Kijiko kimoja hakitapunguza kitu. Ukiweke kabatini."

Sikudhani alikitazama kile kikombe. Alikitaka. Alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu siku waliyomfunika Makame.

"Hapana, wifi. Nitampulizia tu. Najijua."

Akaimimina yote. Maji ya Mwezini hayana haraka. Yalianguka polepole kama kitambaa kinachokunjuliwa, mwani wake mchache ukaingia katika maji meupe ya birika na kutoonekana tena. Aliikung'uta chupa mara tatu ili lisibaki tone, na hakutamka neno.

Mwani ulihitaji wiki nne. Kutoka birika la kuzalishia waliupeleka katika la pili, kisha la tatu, hadi Birika Kuu, na kila ulipofika uliwashinda wale wanene waliokuwa wakingoja kupakuliwa. Siku ya ishirini na tatu mshale wa kipimo cha hewa uliacha kushuka. Ulikaa palepale kwa siku tano, mji mzima ukiutazama, kisha ukapanda kwa unywele mmoja. Watu walikumbatiana mitaani, wakiegemea kuta nyeupe.

Mize alikuja asubuhi ya pili yake, kucha zake zikiwa na rangi ya kucha. Alimkuta Sikudhani akikoroga uji bila kufungua mdomo. Sikudhani akamjibu salamu kwa kichwa, akamwonyesha kiti kwa mwiko.

"Wewe nawe," alisema Mize. "Mwezi mzima unatembea mdomo umeufunga kama mlango wa stoo. Unanyamazia nini sasa?"

"Nimezoea. Na niseme na nani, kwani yupo?"

"Feni za mji huu nani aliyezifunga?"

"Ni mie, nani mwingine?"

"Basi niambie wewe, fundi. Hewa ya hapa jikoni inakwenda wapi?"

Sikudhani aliacha kukoroga. Alilijua lile bomba la dari kwa jina, alijua mikunjo yake yote, na alijua hewa ya nyumba hii inachukua dakika kumi na mbili kufika Birika Kuu. Kila lililosemwa Kiambo, ugomvi, dua, umbea, mtoto anayelilia chakula, liliishia kule, kwa Makame. Aliinua uso kuelekea tundu la dari.

"Sitamlaza tena?"

"Pumzi ya mtu mmoja, katika birika lile?" Mize alicheka, na safari hii kicheko kilifika mwisho wake bila kikohozi. "Sema, mwanamke. Amekungoja."

Sikudhani alipangusa mikono kwa kanga, akasafisha koo.

"Makame," alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. "Dadako yuko hapa na hajala kitu. Ngoja nimpakulie uji kwanza, halafu nikupe habari."